Mbuzi wa Ii

Mwanarusi Sulemani,
Nyuma ya soko,
Laare, Meru.
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Baba. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia, na sababu utaisikia tukifika mbele. Kwanza nauliza hali ya macho. Aaliyah ameniambia jicho la kulia limeshaondolewa mtoto wake, la kushoto linangoja zamu, na kwamba daktari amekukataza kusoma, kutazama runinga na kushika simu mpaka kidonda kipone. Ameniambia pia kwamba yale mawili ya kwanza uliyapokea kiungwana, lakini kwa habari ya simu mligombana mpaka akaamua kuificha. Mahali alipoificha napajua, ila sipataji, kwa kuwa ni yeye anayekusomea.

Aaliyah mdogo wangu, salamu ziwe kwako pia. Nina ombi moja. Soma neno kwa neno, usiruke, usipunguze makali, na Baba akikuambia, "Haya, haya, nenda mbele," wewe usiende mbele.

Pengine unajiuliza, Baba, kwa nini niandike barua kama watu wa zamani na simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwa simu ungenikata kauli kabla sijafika nusu. Usinikasirikie. Umekuwa afisa kwa muda mrefu, umezoea kuuliza, hukuzoea kuulizwa. Barua haikatwi kauli. Nimempa Abdilatif wa Ami Jamaldin akuletee huko Nairobi, na nimemwapisha asikuambie lolote mlangoni, maana yule hawezi kukaa na habari mdomoni hata akipewa pipi aitafune.

Habari za nyumbani ni njema. Nilikuwa Embu wiki iliyopita. Mama yuko salama pale mtaani kwetu Dallas, amepanda sukuma na dania mpaka kwenye lile beseni lililotoboka, na anasema nyumba imepoa kwa kuwa hakuna wa kubishana na redio. Ami Jamaldin bado yuko buchani na bado analalamika kwamba wateja wa siku hizi wanataka steki kwa bei ya matumbo. Wote wanakusalimu sana na kukuombea shifaa.

Huku Laare baridi ya Nyambene ni ileile. Asubuhi boda boda zinashuka na mafurushi ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, zinapita kwa fujo, na sisi tunasimama kando ya barabara tukijifanya tunaziongoza. Kimeru changu kimeongezeka kidogo, lakini nikifungua mdomo kina mama wa ndizi hucheka na kunijibu kwa Kiswahili, kwa kunihurumia. Kituo chetu kule juu mlimani unakijua. Umeme unakuja ukipenda, gari halina breki za kuaminika, na koti la mvua ni moja kwa zamu nzima. Nayataja haya mapema ili usije ukadhani nimesahau upande wangu.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Aaliyah hupenda kuuita Umoja wetu wa Ustawi wa Askari "chama cha polisi", nawe humrekebisha kila mara, kwamba sheria haituruhusu kuwa na chama cha kutetea kazi kama walimu, ndiyo maana tuna Umoja wa kuzikana na kuchangiana, unaoongozwa na wastaafu kama wewe ambao hakuna mkubwa awezaye kuwahamisha. Tuuite tutakavyo, huo ndio mdomo wetu. Wewe mwenyekiti wetu wa eneo hili umeusimamia vizuri, na tangu ule mswada wa kurekebisha mambo ya kukamata na kuhoji watu upelekwe Bungeni, mdomo huo haujafungwa hata siku moja.

Mswada wenyewe tumeusoma mpaka karatasi zimechakaa. Mtu wa kosa dogo aitwe kwa hati, asilazwe seli. Mshukiwa ahojiwe kwa lugha ya nyumbani kwao, kuwe na mkalimani, na sauti yake inaswe. Na askari atakayekiuka ajibu yeye mwenyewe kortini, kwa jina lake na kwa mfuko wake. Umoja umesema hapana kwa yote matatu. Baba, nami nilisema hapana pamoja nanyi, na sikusema kwa kukufurahisha. Wanaoandika sheria hawajawahi kupokea mtu aliyeletwa na umati wenye mawe, wakaambiwa wamtafutie kwanza mkalimani. Hicho kinasa sauti tutakichaji wapi, kwa jirani? Na huyo konstebo wa juzi, aliyeagizwa na mkubwa wake nenda kamlete fulani, kwa nini aje aadhibiwe peke yake huku mkubwa akinywa chai? Hayo nimeyaamini na bado nayaamini.

Kilichonigeuza ni kimoja tu, na ni mama mmoja mzee.

Anaitwa Kananu. Ni mjane, anaishi kwa shamba dogo aliloachiwa na mumewe, limepakana na la shemeji yake anayeitwa Mukiri. Huku kuna miraa ya kale inayoitwa mbaine, miti iliyopandwa na mababu wa mababu, shina lake halizungukwi na mikono ya mtu mmoja. Mti huo haukatwi. Mtu anaweza kuuza ng'ombe, anaweza hata kuuza kipande cha shamba, lakini mbaine anamwachia mwanawe. Basi mbaine za Mukiri zikakutwa zimekatwa kwa panga chini kabisa, majani yameanza kunyauka. Kwa kuwa yeye na Kananu walikuwa wamegombania mpaka, hakutafuta mwingine. Alikuja kituoni akamtaja, na Kananu akaletwa.

Aliyemhoji ni Adrian, konstebo wa kituo chetu. Adrian si mtu mbaya, tunakula ugali mmoja. Ila ni mtoto wa Embu aliyelelewa Nairobi, na Kimeru chake ni cha kuagiza chai. Alimhoji kwa Kiswahili, pole pole, kwa adabu, tena alimpa kiti. Alipomaliza alikuwa na maelezo safi kabisa: nakubali nilichukua panga, nakubali nilivuka mpaka, nakubali nilikata miti ya shemeji yangu kwa hasira. Chini kuna kidole gumba cha Kananu. Kituo kizima kilimpongeza kwa kazi ya haraka.

Najua unachosema hapo ulipo. Unasema ungamo haliandikwi na konstebo. Ni kweli, sheria tuliyo nayo tayari inataka afisa wa cheo, na mtu wa upande wa mshukiwa awe ameketi pale. Lakini wewe na mimi tunajua karatasi inavyopewa jina jingine ili ipite. Hiyo haikuitwa ungamo. Iliitwa maelezo, ikawekwa kwenye faili, faili likaondoka. Kananu hakupata wa kumdhamini, akapelekwa rumande. Mabinti zake wameolewa mbali, na Mukiri ameshausogeza ua wake ndani ya shamba lile, anasema analichunga tu mpaka kesi iishe. Mama huyu akifungwa, Baba, hatakuwa na mahali pa kurudi. Hilo ndilo lililoko mezani. Mengine yote ni maneno.

Mimi sikuwa zamu alipohojiwa. Nilimkuta asubuhi yake, kabla hawajampeleka, nikampa chai. Nikamwuliza kwa Kimeru changu cha kubahatisha kama ataka sukari, akasema, "Ii," yaani ndiyo. Nikamwuliza kama hataki sukari, akasema, "Ii." Nikamtazama. Unanijua, sina subira na kitu nisichokielewa. Nikamwuliza kwa Kiswahili kama yeye ndiye chifu wa Laare. "Ii." Nikamwuliza kama amekuja kwa ndege. "Ii," tena kwa heshima, huku ameinamisha kichwa kidogo na kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Nikamwita Karimi, askari mwenzetu, mzaliwa wa hapa. Karimi akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa Kimeru, polepole, swali fupi moja: ni wewe uliyekata mbaine? Mama yule aliweka kikombe chini. Akakataa kwa kichwa, akakataa kwa mikono, akaanza kulia. Alisema mbaine zile ndizo zilizomlipia mumewe mahari yake, atazikataje? Karimi akamwuliza sasa mbona alimwambia yule kijana ii, ii, mpaka mwisho. Mama alishangaa kuulizwa. Alisema alikuwa anamwitikia. Mtu wa serikali amekuheshimu, amekupa kiti, anakueleza mambo marefu, utamwacha aongee peke yake kama mwendawazimu? Alidhani Adrian anamweleza yale aliyoshtakiwa na Mukiri, na kwamba yeye ataulizwa baadaye. Bado alikuwa anangoja kuulizwa.

Baba, niliposikia hivyo nilimkumbuka Ndambiri.

Aaliyah, wewe ulikuwa mchanga bado, hadithi hii umeisikia vipande vipande, hebu nikusimulie yote, na Baba akikohoa kohoa usimjali. Mwaka huo Idd ilikuwa imekaribia, na Baba akaenda soko la Ishiara kutafuta mbuzi. Akamkuta mzee Ndambiri na beberu mweupe, mnene, mwenye kiburi. Baba, kwa kuwa ni Inspekta na ni mtu wa maneno, akaanza kuhutubia. Akamweleza Ndambiri kasoro za mbuzi yule kuanzia pembe mpaka kwato. "Ii," akasema Ndambiri. Akamweleza hali ya uchumi. "Ii." Akataja bei yake, bei ya kuaibisha kwa kweli, akasema kwa hiyo bei anamchukua sasa hivi, na pesa ataletewa. "Ii," akasema Ndambiri, na akasaidia kumpakia mbuzi kwenye gari. Baba alirudi Dallas akijisifu kwamba hakuna mfanyabiashara kama yeye kutoka Embu mpaka Mto Tana.

Siku ya Idd yenyewe, tumeshakaa, biriani imeshapakuliwa, mlango ukabishwa. Ni Ndambiri, na koti lake zuri, na mkwewe. Akakaribishwa, akanawa, akala, akasifu nyama. Kisha akafuta mdomo na kusema kwa upole, "Haya Afande, sasa si tuongee bei ya huyu mbuzi?" Mama aliachia mwiko. Baba akasema bei si tulikubaliana Ishiara? Mzee akasema hapana, kule ulikuwa unasema wewe, mimi nilikuwa nasikia. Nilikuachia mnyama kwa kuwa wewe si mwizi, nikajua bei tutaiongea kama watu, tukiwa tumekaa. Baba alilazimika kupatana bei ya mbuzi ambaye ameshaliwa na mwenye mbuzi akiwa mmoja wa walaji. Nadhani hakuna aliyewahi kushindwa biashara vibaya zaidi.

Lakini mgeni alipoondoka hukukasirika, Baba. Ulicheka mpaka ukatokwa na machozi, ukatuambia neno ambalo limekaa nyumbani kwetu hadi leo: "Kumbe ii ni sikio, si mkono." Ukatufafanulia kwamba mtu akikubali hukupa mkono, na akiitikia amekupa sikio tu. Tukawa tunataniana hivyo kwa miaka. Mama akikuambia upake nyumba rangi nawe ukasema eeh, yeye huuliza, hilo ni sikio au ni mkono?

Basi nilikwenda kwa mkubwa wa kituo nikamweleza habari ya Kananu. Hakunifokea. Aliniambia faili limeshatoka mikononi mwake, na kwamba kidole kile si cha mtu mwingine. Akaniuliza kama nataka kumharibia Adrian kazi kwa sababu ya ajuza mmoja na miti yake. Nikajibu hapana, kwa sababu kweli sitaki, nikatoka. Nikajiambia nitakuuliza wewe utakapopona.

Sikupata nafasi hiyo. Kamati ya Bunge ilitangaza kwamba itakuja Embu kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mswada, nawe macho yalikuwa yameshakupeleka Nairobi. Mzee Gitobu, katibu wetu, akanipigia simu. Alisema waraka wa Umoja umeshaandikwa, umeshatiwa sahihi na mwenyekiti, umeshapelekwa kwa kamati, na kilichobaki ni mtu wa kuusoma ukumbini. Alisema nimechaguliwa mimi kwa kuwa nina sauti, ni mwanamke, bado nimo kazini, na zaidi ya yote ni damu ya mwenyekiti. Akasema, "Wewe soma tu, mwanangu, usiongeze hata pilipili." Nilifurahi, Baba. Sitakuficha, nilijiona mkubwa. Nilipiga pasi ile buibui ya kijani kama nakwenda harusini.

Nakala ya waraka nilipewa mlangoni. Ukumbi ulikuwa umejaa: askari wastaafu na nishani zao, mawakili vijana, wakulima kutoka Mbeere, kina mama wa vikundi. Nikaitwa. Nikasoma aya ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na nilisoma vizuri, wastaafu wakawa wanagonga meza. Nikafungua ukurasa. Aya ya sita ilisema kwamba mkalimani na kinasa sauti ni gharama zisizo na maana, kwa sababu wananchi wetu husema ukweli kwa hiari wakihojiwa kwa heshima. Ikatoa mfano. Ikasema katika kituo kimoja cha Meru mwanamke mzee alikiri kwa hiari, kwa Kiswahili, bila kushurutishwa, kwamba alikata miraa ya shemeji yake, na haki ikatendeka upesi. Kananu wangu. Alikuwa amewekwa pale kama ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika.

Hapa ndipo penyewe, Baba. Aaliyah, soma pole pole.

Sikuisoma aya ya sita. Niliukunja waraka, nikaomba ruhusa ya mwenyekiti wa kamati niseme kwa mdomo wangu, na nikawasimulia mbuzi wa ii.

Sikutaja jina lako. Nilisema "afisa mmoja wa Embu". Lakini nilipofika kwenye mwiko wa Mama, mzee mmoja wa Ishiara akasimama nyuma kabisa akapaza sauti, "Ni Sulemani huyo! Mbuzi alikuwa wa Ndambiri!" na ukumbi ukaanguka kwa kicheko, wabunge wakifuta macho. Niliwaacha wacheke. Kisha nikawaambia kwamba mwanamke wa aya ya sita anaitika hivyo hivyo, kwamba nilimpa chai akaniitikia kwamba yeye ni chifu wa Laare, na kwamba tofauti ni moja tu: Ndambiri alikuja nyumbani kwetu na koti lake, tukaketi tukaongea. Mama huyu yuko ndani, hawezi kubisha mlango wa mtu. Nikasema mbuzi ameshaingia sufuriani na bado hatujaelewana.

Nikaufungua waraka, nikaendelea na aya ya saba mpaka mwisho, zile za magari, za umeme, za konstebo kuachiwa mzigo wa mkubwa wake, na nikazisoma kwa nguvu kuliko za mwanzo. Nikawaambia, leteni hivyo vinasa sauti na betri zake, leteni wakalimani, msituwekee sheria kisha mtuachie giza. Lakini lile la lugha, lipitisheni. Hayo ndiyo niliyosema. Sijui kama ni usaliti. Ninavyojua, nilisema hapana mahali ambapo hapana ni kweli, na ndiyo mahali ambapo ndiyo ni kweli.

Nje Mzee Gitobu alinishika mkono wa buibui. Aliniuliza, "Wewe Mwanarusi, ni wetu ama ni wa hao? Umetuanika kama nguo!" Nikamjibu kwamba nguo mbichi huanikwa ndiyo ikauke, jibu ambalo sasa naona lilikuwa la kitoto, kwa sababu mzee yule machozi yalikuwa yanamlengalenga. Aliniambia umekuwa mwenyekiti wake na rafiki yake, na sasa atakuangalia na uso gani. Hilo liliniumiza kuliko kelele. Tangu hapo nimepewa barua ya kujieleza, na kuna minong'ono ya uhamisho wa mbali. Adrian hali nami ugali tena. Naogopa, Baba. Nakuambia wazi kwa sababu mbele ya wengine najifanya siogopi.

Nililala Dallas usiku ule. Mama alikuwa ameshapata habari zote kabla sijavua viatu. Alinipakulia, akanitazama nikila, akaniambia mambo ya polisi tumalizane wenyewe, ila yule mbuzi ni yeye aliyempika na hakuna aliyemtaja kwamba alipika vizuri. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Alisema siku ile ulipotia sahihi, Mzee Gitobu alikusomea waraka pale sebuleni kwa kuwa ulikuwa huoni tena maandishi. Wewe ulikuwa umeegemea kiti, kesho yake ni safari ya hospitali, na mawazo yako yote yalikuwa kwenye kisu cha daktari. Kila alipopumzika ulisema "eeh". Aya baada ya aya, eeh, eeh. Alipomaliza akakuongoza kidole mpaka mahali pa sahihi. Mama alisema hata yeye alikuwa jikoni akajiuliza, hilo ni sikio au ni mkono?

Baba, sikuandika haya ili kukuaibisha. Naandika kwa sababu tangu Mama aliponiambia, hasira niliyokuwa nayo kwako imekwisha, na nilikuwa nayo, nyingi. Nilidhani ulimsoma Kananu na ukamwacha. Kumbe hukumsoma. Ulitia sahihi yako kama yeye alivyotia kidole chake.

Waraka bado uko kwa kamati na jina lako liko chini yake. Niliyosema mimi ni maneno ya koplo mmoja mkaidi, ila aya ya sita ina muhuri wa Umoja na sahihi ya Inspekta Sulemani, ambaye hata mahakimu wanamheshimu. Wakili wa Mukiri ameshaipata nakala na anatembea nayo. Mimi nimeshamwandikia mwendesha mashtaka yale niliyoyaona, Karimi naye ameandika yake. Lakini Mzee Gitobu anasema aya haiondoki mpaka mwenyekiti mwenyewe aiondoe, na kwa hilo yuko sahihi. Kamati inapokea masahihisho mpaka Ijumaa. Kananu analetwa kortini wiki inayofuata.

Ninachokuomba ni hicho kimoja. Mswada endelea kuupinga, ukitaka upinge wote, nami nitakubebea bango. Aya ya sita tu, itoe.

Abdilatif anarudi Jumatano na atapitia kwenu asubuhi. Aaliyah atakuandikia mistari miwili na wewe utatia sahihi, lakini akusomee kwanza, na safari hii umkatize utakavyo.

Mwambie Aaliyah ahsante kwa sauti yake. Akuwekee dawa ya macho kwa wakati, na asikuruhusu kuinama wakati wa sala mpaka daktari aseme. Mwenyezi Mungu anapokea hata ya kuketi. Majirani wa huku wanakusalimu, Karimi anakusalimu, na Kananu pia, nilipomtembelea nilimwambia nina baba, akasema, "Ii," na safari hii nilijua maana yake.

Jambo la mwisho. Nakujua, Baba. Najua tangu mwanzo wa barua hii, kila Aaliyah alipovuta pumzi, umekuwa ukisema "eeh". Sijaihesabu hata moja. Kama umekubali, usiseme kitu. Mpe Aaliyah mkono.

Wako akupendaye na asiyelala vizuri mpaka Abdilatif arudi,

Mwanao,
Koplo Mwanarusi.